FUNDI WA MWILI NI MWILI WENYEWE

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama wa nyumbani,

Siku hizi habari zinaenea upesi. Katika redio na simu watu wanasikia kwamba kule ng'ambo wataalamu wanaotesha ngozi ya mtu katika maabara, kwamba wametengeneza vipande vya utumbo na vya ubongo, na kwamba kesho watatengeneza mapafu. Basi wengine wanasema: «Kama ni hivyo, juu ya nini kujisumbua na maski? Mapafu yakiharibika, tutapewa mengine.»

Wandugu, neno hilo ni la hatari. Ukurasa huu unataka kuwaeleza ukweli wa mambo hayo: mwili unajijenga namna gani, wataalamu wamefika wapi katika kuiga kazi hiyo, na sisi watu wa Lubumbashi, tunaoishi karibu na shaba na kobalti, tunapaswa kuchunga nini. Someni pamoja, baba na mama, kwa sababu habari hii inagusa kazi ya baba na mimba ya mama pia.

SELI MOJA INAKUWA MTU

Kila mtu ameanza akiwa seli moja tu, ndogo kuliko chembe ya mchanga. Seli hiyo inagawanyika kuwa mbili, mbili kuwa nne, nne kuwa nane, mpaka mtoto anazaliwa na mamilioni ya mamilioni ya seli. Zote zimetoka kwa ile moja na zote zina maagizo yale yale ndani yake, maagizo tunayoyaita jeni. Lakini hii imekuwa mfupa, ile imekuwa jicho, nyingine imekuwa damu. Namna gani?

Katika mgodi, injinia anachora plani, na kapita anagawa kazi: wewe toboa mwamba, wewe weka nguzo, wewe vuta wagoni. Ndani ya mimba hakuna kapita. Seli zenyewe zinaambiana. Kundi moja la seli linatoa dawa fulani, nayo inasambaa kwa jirani. Walio karibu wanapata nyingi, walio mbali wanapata kidogo. Kwa kipimo hicho kila seli inajua iko wapi na inapaswa kuwa nini. Tazama mkono wako. Wakati mkono ulipokuwa bado kichipukizi, seli za upande wa kidole kidogo zilitoa ishara. Pale ishara ilipokuwa nyingi kimetokea kidole kidogo. Pale isipofika kimetokea kidole gumba. Vidole vitano, kila kimoja mahali pake, bila msimamizi.

Kazi hiyo inakwenda mbio sana. Moyo wa mtoto unaanza kupiga karibu siku ya 22 tangu mimba kutungwa. Mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo unafungwa karibu siku ya 28. Kufika juma la 8, uso umekwisha kuchorwa na vidole vimeachana. Sasa wamama, hesabuni vizuri: siku ya 28 mwanamke ameona tu kwamba siku zake zimechelewa majuma mawili. Wengi hawajui bado kwamba wana mimba, na bwana hajaambiwa neno. Lakini msingi wa nyumba umekwisha kumwagwa.

KONDOO WA JICHO MOJA

Ishara hizo zikivurugwa, nini kinatokea? Kuna habari ya kweli ambayo kila mfugaji ataielewa.

Katika miaka ya 1950, wachungaji wa jimbo la Idaho huko Marekani waliona kondoo wao wakizaa wana wenye jicho moja katikati ya uso, na ubongo usiogawanyika pande mbili. Wataalamu wa mifugo walichunguza miaka mingi. Wakakuta kwamba kondoo wenye mimba walikuwa wamekula mmea wa milimani unaoitwa Veratrum, na kwamba hatari kubwa ilikuwa siku ya 14 ya mimba. Kondoo aliyeula siku nyingine aliweza kuzaa mwana mzima. Sumu iliyo ndani ya mmea ule ikapewa jina la siklopamini.

Mwaka 1980, huko Ujerumani, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walikuwa wanachunguza inzi wadogo wa matunda. Walikuta jeni ambayo ikiharibika, mtoto wa inzi anafunikwa na miiba kama kalunguyeye. Wakaiita jeni ya kalunguyeye. Kazi yao ilipewa tuzo ya Nobel mwaka 1995. Baadaye ilionekana kwamba sisi watu tuna ishara ya ukoo ule ule, na ndiyo inayopanga vidole vya mkono na kugawa ubongo wa mbele na macho pande mbili. Mwaka 1998 wataalamu wakaonyesha kwamba siklopamini inaziba njia ya ishara hiyo. Hivyo fumbo la wachungaji wa Idaho likafumbuliwa.

Tunajifunza mambo mawili. Jambo la kwanza: kitu kisichomdhuru mama kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Jambo la pili: saa ya kuingia kwa sumu ina uzito sawa na wingi wake. Watu nao walijifunza kwa machozi. Dawa iliyoitwa talidomidi iliuzwa kuanzia mwaka 1957 ili kutuliza watu na kuondoa kichefuchefu cha mimba. Ilipoondolewa sokoni Ujerumani mwaka 1961, watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wamepata madhara, wengi wakizaliwa na mikono au miguu mifupi. Kwa sababu hiyo munganga anamwambia kila mama: usinywe dawa yoyote bila kuuliza.

WANGANGA WA LUBUMBASHI WAMEONA NINI

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2009, Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven huko Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Walikuta kwamba wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini wana kobalti nyingi mno mwilini, hata wale wasiofanya kazi ya mgodi. Watoto walikuwa na nyingi kupita wakubwa, kwa sababu mtoto anacheza chini, kisha anatia mkono kinywani.

Wanganga wa mji wetu walikuwa pia wanaona watoto wanaozaliwa na kasoro: mdomo uliopasuka, miguu iliyopinda, mgongo uliobaki wazi. Mwaka 2019 waliandika katika jarida la sayansi juu ya watoto wa eneo hili ambao ubongo wao wa mbele haukugawanyika vizuri. Ni kasoro ya jamaa moja na ile ya kondoo wa Idaho.

Kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi. Tangu mwaka 2013 mpaka 2015, watafiti walichukua habari za watoto 138 waliozaliwa Lubumbashi na kasoro inayoonekana kwa macho, wakawalinganisha na watoto 108 waliozaliwa wazima. Walipima vyuma katika mkojo na damu ya wamama na katika damu ya kitovu. Waliuliza juu ya chakula, magonjwa, na kazi ya wazazi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet Planetary Health.

Jambo lililotokea kwa nguvu kuliko mengine ni kazi ya baba. Mtoto ambaye baba yake anafanya kazi inayohusu madini alikuwa na uwezekano wa kuzaliwa na kasoro mara 5.5 kuliko mtoto wa baba mwingine.

Wandugu, namba hiyo isiwatie woga bila akili. Isomeni kama wanavyoisoma watafiti wenyewe. Kwanza, upana wake ni mkubwa: ukweli unaweza kuwa karibu na mara 1.2, au karibu na mara 25, kwa sababu watu waliohesabiwa si wengi sana. Pili, utafiti haukusema kwamba kila mfanyakazi atazaa mtoto mwenye kasoro. Hapana, watoto wengi wa wafanyakazi wa madini wanazaliwa wazima. Tatu, haukuonyesha kobalti au shaba kuwa ndiyo mwenye kosa. Katika damu ya kitovu dalili ilikuwa upande wa manganizi na zinki, na watafiti walisema jambo hilo linahitaji kufafanuliwa zaidi.

Lakini hatuwezi kulitupa. Njia mbili zinafikiriwa. Ya kwanza: baba anarudi nyumbani na vumbi katika nguo, viatu na nywele, na mama analivuta au kulila bila kujua. Ya pili: vyuma vinaingia katika mwili wa baba na kugusa mbegu yake, ambayo mwili unaitengeneza kwa muda wa miezi miwili na zaidi. Utafiti haukukata ni njia ipi. Kwetu sisi jibu la njia zote mbili ni moja: vumbi libaki kazini, lisiingie mwilini, lisiingie nyumbani.

Na jambo hili tuliseme wazi. Mtoto akizaliwa na kasoro, si bulozi wa jirani, si laana ya ukoo, na si kosa la mama. Bwana anayemfukuza bibi yake kwa sababu hiyo anamwonea. Mpelekeni mtoto lopitalo mapema, wote wawili. Mdomo uliopasuka unashonwa, mguu uliopinda unanyoshwa kwa plasta, na kazi ya munganga inakuwa rahisi zaidi mtoto akiwa bado mchanga.

MAFUNDI WANAOIGA TUMBO LA MAMA

Basi, wataalamu wamefika wapi katika kujenga viungo?

Walianza na ngozi. Mwaka 1975, huko Marekani, James Rheinwald na Howard Green walipata namna ya kuotesha seli za ngozi ya mtu katika sahani ya maabara. Mwaka 1983 watoto wawili ndugu waliungua karibu mwili mzima. Wanganga wa Boston walikata vipande vidogo vya ngozi yao iliyobaki, wakaviotesha, wakafunika sehemu kubwa ya miili yao, na watoto wakapona. Mwaka 2015, huko Bochum, Ujerumani, mtoto wa miaka 7 aliyekuwa na ugonjwa wa kuchunika ngozi alipewa ngozi mpya juu ya asilimia karibu 80 ya mwili wake. Ilikuwa imeoteshwa kutoka seli zake mwenyewe, baada ya jeni iliyoharibika kutengenezwa.

Hii ni kazi kubwa. Lakini ngozi ya namna hiyo ni utando wa juu tu. Haina vinyweleo wala matundu ya kutoa jasho. Mtu anayefanya kazi katika joto la tanuru anajua maana ya kukosa jasho.

Kwa hiyo mafundi wakabadili njia. Zamani walitaka kujenga kama mwashi: kupanga seli moja moja juu ya kiunzi, kama matofali. Sasa wanataka kuziachia seli zijijenge zenyewe, kama tumboni. Kazi yao ni kuzipa ishara zinazofaa kwa saa inayofaa. Mwaka 2009, huko Uholanzi, kundi la Hans Clevers lilichukua seli-shina moja tu ya utumbo wa panya. Ikajijengea utumbo mdogo wenye mikunjo yake, usiozidi punje. Viungo vidogo hivyo vinaitwa organoidi. Mwaka 2020 wataalamu wa Boston walitangaza kwamba wamepata ngozi ndogo yenye nywele, yenye mafuta na mishipa ya fahamu. Iliwachukua miezi minne mpaka mitano, karibu muda ule ule ambao mtoto anautumia tumboni.

Wengine wanakwenda mbali zaidi: wanaandika maagizo mapya. Mwaka 2018, huko San Francisco, Satoshi Toda, Wendell Lim na wenzao waliweka katika seli jeni za kutunga wenyewe, zenye maana hii: «Ukimgusa jirani wa namna fulani, badili kazi yako na umshike kwa nguvu.» Seli zilizochanganywa ovyo zikajipanga zenyewe kuwa mpira wenye tabaka tatu. Mpira ule ulipokatwa, zikajipanga tena. Hakuna aliyezishika mkono.

JUU YA NINI HAKUNA MAPAFU YA KUUZA

Sasa mtauliza: kama seli zinatii hivyo, shida iko wapi?

Shida ya kwanza wachimbaji mtaielewa kuliko watu wote: ni hewa. Njia ya chini ya ardhi isiyo na hewa haiendi mbali, watu wanazimia. Seli nayo inahitaji oksijeni, na oksijeni haipiti katika nyama bila mshipa wa damu zaidi ya karibu sehemu 2 za kumi za milimita. Kipande kikizidi hapo, seli za ndani zinakufa. Organoidi inabaki punje kwa sababu hiyo. Kujenga kiungo kikubwa ni lazima kujenga pia mishipa yote, mikubwa kwa midogo, na kuiunga na moyo.

Shida ya pili ni ufundi wenyewe wa pafu. Ndani ya mapafu yako mna vifuko vya hewa mamilioni mamia. Vikikunjuliwa vyote vingefunika sakafu ya nyumba kubwa, karibu mita za mraba 70. Ukuta wa kifuko ni mwembamba kuliko karatasi yoyote, na nyuma yake damu inapita. Mpaka leo hakuna maabara duniani iliyojenga pafu kamili la kumwekea mtu.

Na vumbi la mawe linaharibu nini? Vifuko hivyo hivyo. Vumbi baya si lile unaloliona likiruka katika mwanga. Lile baya ni dogo mno, halionekani kwa macho, linashuka mpaka mwisho wa njia. Vumbi lenye silika likifika huko, mwili unaanza kulizungushia kovu. Kovu la silikosi halirudi kuwa pafu, na linaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Tena, mwenye silikosi anashikwa upesi na kifua kikuu. Mwili uliojenga mapafu katika tumbo la mama hauna nafasi ya kuyajenga mara ya pili.

MAJI YA KWANZA YANAOKOA NGOZI

Ngozi ni tofauti kidogo. Ngozi iliyoungua juu juu inajitengeneza, kwa sababu seli-shina zimebaki chini, hasa katika mashina ya vinyweleo. Zinapanda na kufunika kidonda. Moto ukishuka mpaka kuua mashina hayo, hakuna wa kufunika, na inabakia upasuaji na kovu.

Kwa hiyo dakika za kwanza zina bei kubwa. Moto unaendelea kupika nyama hata ukishatoka katika mwali. Maji baridi ya kawaida, yanayotiririka kwa dakika 20, yanauzuia kushuka chini. Si barafu, si mafuta, si dawa ya meno, si yai. Kama ni asidi ya kiwandani, ingia chini ya maji mengi papo hapo, vua nguo ukiwa ndani ya maji, na usitoke upesi. Kisha funika kwa kitambaa safi, nenda kwa munganga.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa mfanyakazi:
1. Mwaga maji kabla ya kutoboa na kabla ya kufagia. Vumbi lililolowa halipandi puani.
2. Vaa maski ya vumbi inayokaza uso. Kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi dogo.
3. Usile wala kuvuta sigara mahali pa kazi bila kunawa mikono na uso.
4. Oga na ubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani. Viatu vya kazi visiingie ndani.
5. Usilete nyumbani mifuko ya madini, hata ikiwa tupu. Usiponde wala kuosha mawe katika kiwanja ambamo watoto wanacheza.
6. Ukikohoa zaidi ya majuma mawili, au ukikosa pumzi katika kupanda ngazi, usifiche. Njoo upimwe.

Kwa mama:
1. Nguo za kazi zikifika nyumbani, usizikung'ute. Zitie majini, uzifue peke yake, mbali na nguo za watoto.
2. Panguseni sakafu kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu unarusha vumbi.
3. Osha vizuri lengalenga, matembele na sombe, hasa zilizolimwa karibu na barabara ya malori au kiwanda.
4. Mwenye mimba aache kula udongo, hata pemba nyeupe ya sokoni. Udongo unaweza kubeba vyuma.
5. Mkitafuta mtoto, anza mapema vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, kwa shauri la munganga. Mwaka 1991 ilionyeshwa wazi kwamba asidi hiyo inapunguza sana kasoro ya mgongo na ubongo. Lakini lazima iwe mwilini kabla ya siku ya 28, ndiyo sababu hatungojei tumbo lionekane. Maharagi na majani mabichi yanaisaidia.
6. Siku zikichelewa, njoo upimishe mimba mara moja, na bwana aje pamoja nawe.

Wandugu, mashine ikivunjika, magazini inatoa kipande kingine. Mapafu hayako katika magazini yoyote, wala ubongo wa mtoto. Wataalamu wa Boston na San Francisco wanafanya kazi nzuri, na huenda watoto wetu wataona matunda yake. Sisi leo tuna maji, maski, sabuni na kidonge kidogo cha foliki. Anayekwenda zamu leo avitumie leo.